Marmelada Yangu Isisifiwe Tena

Evaristo Ramalhete,
Fundi barabara mstaafu,
Rua do Forno,
Vilar da Moita.

Kwa Mheshimiwa Marília Tojeiro,
Mwenyekiti wa Baraza la Kata,
Vilar da Moita.

Yah: Kusifiwa pasipo kustahili

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mumeo na yule mtoto wenu anayejifunza tarumbeta. Mimi kiafya sijambo. Ila nimedhulumiwa, na walionidhulumu ni majirani zangu wote wa Rua do Forno, padri wetu, na, uniwie radhi, wewe mwenyewe. Mmekuwa mkiisifu marmelada yangu tangu mwezi wa kumi. Nimejaribu kila njia ya kistaarabu kuwazuia, wapi.

Najua utasema huyu mzee ana lake, sifa zinamkera nani? Basi niruhusu nieleze kwa utaratibu na kwa namba, maana nimetumikia serikali maisha yangu yote na najua kwamba lalamiko lisilo na namba huishia kufungia vitumbua.

1. Wewe umezaliwa mjini ukaolewa huku, kwa hiyo huenda hakuna aliyekueleza mambo ya mtaani kwetu. Marmelo yakishaiva, kila nyumba inapika. Tunda lenyewe likiwa bichi halitafuniki, linakaba koo. Lakini likichemshwa, likachujwa, likarudishwa motoni na sukari, na mtu akasimama juu yake na mwiko mpaka mkono ufe ganzi, linakuwa marmelada, nyekundu, ngumu kiasi cha kukatwa kwa kisu na kuliwa na jibini. Inamiminwa kwenye mabakuli, mabakuli yanaanikwa dirishani, na yakishashika ngozi juu yanapelekwa kwa majirani. Jirani naye anakuletea yake. Hapo ndipo shughuli inapoanza. Unaonja mbele ya mpishi, unatulia kidogo, halafu unaitoa kasoro.

Sijawahi kumsikia mwanamke wa Rua do Forno akiisifu marmelada ya mwenzake. Marehemu mke wangu, Felismina, alikuwa mpishi hodari kuliko wote, na kila mwaka Dona Leopoldina Carrapiço wa nyumba ya mkabala alikuwa akiramba kidole, anafumba macho, anasema, "Mwenzangu, mwaka huu sukari ilikuwa ya bure?" Felismina naye anaonja ya Leopoldina. "Shoga, hii nzuri kwa kuzibia ufa. Liache bakuli, Evaristo ana ukuta unavuja." Wakiachana hapo kila mmoja kashiba. Mke wangu alikuwa akirudi nyumbani mashavu yamemwiva kwa furaha. "Wameitukana vizuri mwaka huu," ananiambia, na jioni hiyo anaosha vyombo akiimba.

Sifa zipo mtaani kwetu, lakini zina watu wake. Anayesifiwa ni mgonjwa, mgeni kutoka Lisbon, na mtu ambaye hatafika Krismasi. Mimi si mgeni, na daktari anasema moyo wangu ni wa punda.

2. Felismina alifariki mwezi wa tatu. Ulikuja mazikoni, nakumbuka, na nakushukuru. Mmarmelo wake wa uani haukupata taarifa. Ulizaa mwaka huu mpaka matawi yakaegemea ukuta, na ulipoingia mwezi wa kumi matunda yakaanza kudondoka na harufu yake ikaingia ndani, ikafika mpaka kwenye kabati la mashuka, ambamo yeye alizoea kuyapanga. Nisingeweza kuyaacha yaoze. Nikafunga aproni.

Sasa sikiliza nilichopika, maana ndicho kiini cha lalamiko. Felismina alikuwa akisema marmelada iko tayari pale unapoburuta mwiko katikati ya sufuria na njia ikabaki wazi. Hakusema njia ya upana gani. Mimi ni mtu wa barabara, Mheshimiwa. Nimemwaga lami kutoka hapa hadi mpaka wa Hispania. Nikaona kinjia kinafunguka na kujifunga, nikasema hiki hata baiskeli haipiti. Nikaendelea kukoroga, nimejifunga taulo mkononi kwa sababu kile kitu kinaruka na kuunguza kama kina ugomvi na wewe, mpaka ikapatikana barabara ambayo ningeweza kuikabidhi wilayani bila aibu. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kimeungua chini, na kinanuka kama siku ya kazi. Mwiko mmoja umeganda ndani ya bakuli mpaka leo. Nilionja, nikatema. Mimi lami naijua, na ile ilikuwa lami yenye sukari.

Hata hivyo niliipeleka kwa majirani kwa moyo mkunjufu kabisa, nikijua nitatukanwa. Nilivaa koti la Jumapili.

3. Dona Leopoldina alinifungulia mlango. Nikampa bakuli. Kisu kiligoma, akakwangua kwa ncha, akatia mdomoni. Nikasubiri. Machozi yalimtoka, Mheshimiwa, na hayakuwa ya huzuni. Koo likapanda, likashuka, likapanda tena. Kisha akalaza kichwa begani, hivi, jinsi watu wanavyomtazama mtoto mchanga, akasema, "Nzuri sana, Senhor Evaristo. Umejitahidi."

Umejitahidi! Mwanamke aliyemwambia mke wangu kwamba marmelada yake ingefaa kubandikia mabango ya uchaguzi! Nikamwambia, "Dona Leopoldina, imeungua." Akasema, "Kidogo tu, ndiyo inaleta ladha." Nikamwambia, "Ni ngumu." Akasema, "Meno yangu ndiyo mabovu." Meno ya yule mama yanavunja kokwa za zeituni. Nilirudi nyumbani, nikakaa jikoni bila kuvua koti.

4. Nyumba zote zikawa vivyo hivyo. Kwa Senhor Gaudêncio, yule kinyozi wa zamani, meno ya bandia yalinasa kwenye kipande. Akayatoa mdomoni pamoja na kipande chenyewe, akayaweka sahanini, na kwa kuwa hakuweza kusema, akaninyooshea dole gumba. Mbwa wake, Trovão, ndiye raia mwaminifu pekee katika kata hii. Alinusa, akarudi nyuma, akaenda kulala mvuani. Na unajua aliambiwa nini? "Huna adabu wewe! Mwombe radhi mzee wa watu!" Mbwa amegombezwa kwa kusema kweli. Mjukuu wa Gaudêncio naye akaipiga picha na simu, na sasa watu wetu waliohamia Luxembourg, ambao hawajawahi kuinusa, wananitumia vikopa vya mapenzi.

5. Hata haki ya kuwatukana wenzangu nimenyang'anywa. Majirani waliniletea mabakuli yao, na mimi, kama desturi inavyotaka, nikaonja na kutoa kasoro. Nilimwambia Dona Leopoldina kwamba yake ina chembechembe utadhani mchanga wa mto. Zamani angenijibu mpaka watu wachungulie madirishani. Safari hii akasema, "Kweli kabisa, Senhor Evaristo, pole." Pole ya nini? Mimi ndiye niliyemtukana! Na haikuwa na chembechembe hata moja, ilikuwa laini ajabu, nilisema vile kwa adabu tu.

6. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kupima kabla ya kujenga, nikafanya jaribio. Sufuria ya pili niliitia chumvi badala ya sukari. Kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu. Nikazungusha mabakuli. Dona Leopoldina aliniambia kwamba mkono wangu umeanza kuzoea. Padre Honorato alikula mbele yangu, akanywa maji jagi zima, akasema ina ladha ya kipekee. Jumapili yake akapanda mimbarini akawahubiria watu habari za mgane mmoja, asiyemtaja jina, ambaye ametia mapenzi yake yote ndani ya bakuli. Kanisa zima likageuka kunitazama. Vichwa vyote vikalala begani, tena upande mmoja. Mapenzi gani? Ilikuwa chumvi!

7. Namba hii nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya mke wa mwokaji mikate, lakini nimefikiri nikaona yeye ni mwepesi wa kulia, nimwache.

8. Sasa tufike kwako. Kwenye sikukuu ya Mtakatifu Martinho, divai mpya ilipofunguliwa, Baraza lako liliandaa shindano la kila mwaka la marmelada. Mimi sikujiandikisha. Kuna mtu alilichukua bakuli langu akalipeleka mezani, na namshuku Gaudêncio, ambaye alikuwa akitafuta namna ya kulitoa nyumbani kwake. Wewe ulikuwa mwamuzi mkuu. Nilikuwa nimesimama karibu na mapipa, na nilikuona kwa macho yangu mawili ukikitema kipande changu kwenye leso na leso ukaitia mkobani. Kwa leso sikulaumu, ningefanya hivyo hivyo. Nakulaumu kwa kupanda jukwaani na kunipa nafasi ya kwanza.

Nilipaza sauti kwamba sistahili. Watu wakapiga makofi. Nikachukua kipaza sauti, nikasema, "Jamani, ile ina chumvi!" Wakasimama, wakapiga makofi zaidi, na nyuma nikasikia mtu akisema, "Ona unyenyekevu wake, masikini." Ukanivika utepe. Na Dona Leopoldina, mwenye marmelada laini kuliko zote za mwaka huu, aliyeisubiri nafasi ile miaka yote ambayo Felismina alikuwa akimpita, akawekwa wa pili, nyuma ya lami. Naye alipiga makofi. Niliitazama mikono yake. Ilikuwa ikikutana, lakini haikutoa sauti.

Tangu siku hiyo sina raha. Utepe nimeutundika kwenye msumari jikoni, nikiupita najisikia kama mwizi aliyepewa ulinzi wa duka.

Sasa nitaweka namba pembeni kidogo, Mheshimiwa, niseme kinachoniuma. Felismina alipokuwepo, mimi nilikuwa mtu katika mtaa huu. Nilisemwa kwa kofia yangu, kwa sauti yangu kanisani, kwa barabara zangu, kwa jinsi ninavyokata mizabibu ya mwenzangu utafikiri namnyoa askari. Tangu tumzike hakuna aliyeniambia neno baya hata moja. Naegesha gari mbele ya mlango wa mtu, anasema si kitu. Nacheza karata ovyo, wananiachia nishinde. Nikianza ubishi kuhusu mpira, wanakubaliana nami, hata wale wa timu nyingine. Nahisi kama walinizika pamoja naye, ila mimi walisahau kunifukia.

Na nyumba imekuwa kimya. Yeye alikuwa akinigombeza tangu nikiamka. Mwiko ule, sahani ile, viatu vile, Evaristo, macho unayabebea nini? Sikuwahi kujibu hata mara moja kwa upole, na sote wawili tulikuwa na furaha. Leo nikivunja sahani, naokota vipande, basi.

Kwa sababu hizo zote naomba Baraza lako, katika kikao chake kijacho, liamue kama ifuatavyo.

Utepe wa nafasi ya kwanza aupate Dona Leopoldina Carrapiço, na atangazwe kwa kipaza sauti kile kile.

Ateuliwe Mkaguzi wa Kasoro wa Kata, atakayepita nyumba kwa nyumba msimu wa marmelo na kuhakikisha kila mtu anaambiwa ukweli. Asiwe mtu wa huruma. Napendekeza achukuliwe kutoka ofisi ya kodi.

Iwe ni kosa kulaza kichwa begani mbele ya mgane, isipokuwa kwa mtu mwenye barua ya daktari kuhusu shingo yake.

Mbwa Trovão aombwe radhi hadharani.

Na endapo sheria za Jamhuri haziruhusu hayo, basi naomba jambo moja tu, kubwa. Kila mwaka, kuanzia siku ambayo marmelo la kwanza litadondoka mpaka sikukuu ya Mtakatifu Martinho, mimi, Evaristo Ramalhete, nitambuliwe rasmi na kata kuwa mama wa nyumba wa Rua do Forno, mwenye haki zote za kusemwa, kubezwa na kutukaniwa mapishi yangu, sawasawa na mwanamke mwingine yeyote wa mtaa huu. Aproni ninayo. Kiapo niko tayari kula, tena kwa sauti.

Nisalimie mumeo. Nisalimie mpiga tarumbeta, na umwambie anapiga vibaya sana. Namwambia kwa heshima, kama mtu na mtu. Wasalimie karani wako, mfagizi, na wote wa ofisini, hasa yule bwana wa dirisha la pili asiyeitikia salamu. Mwaka huu wote yeye peke yake ndiye aliyenichukulia kama zamani.

Wako katika kudai haki ya kutukanwa,

Evaristo Ramalhete

Baada ya sahihi: Mheshimiwa, tafadhali barua hii usiifanyie kazi. Naituma tu kwa sababu stempu ilikwisha bandikwa.

Kabla ya kuifunga bahasha niliona ni vyema nipate sahihi ya shahidi, nikavuka barabara nikampa Dona Leopoldina aisome. Aliisoma amesimama mlangoni. Alipofika kwenye chumvi akavua miwani. Alipofika kwenye utepe akairudisha miwani ili anione vizuri.

"Wee Evaristo! Kumbe ulijua? Ulijua ni sumu, ukanilisha? Mimi tangu mwezi wa kumi nimeng'ata ulimi mpaka umeota sugu, nasema mzee wa watu kafiwa, tumvumilie, kumbe mwenzangu unafanya majaribio? Eti lami! Lami usiitukane, lami ina kazi yake! Felismina angekufukuza humu ndani na sufuria kichwani! Mwiko unaushika kama sepetu, moto unauwasha kama unachoma kichaka, halafu unavalia koti kuja kuua watu!"

Huo ulikuwa mwanzo. Baada ya hapo alisema habari za mikono yangu, masikio yangu, upande wa mama yangu, na barabara ya kwenda mpakani, ambayo anadai ina mashimo.

Inauma, Mheshimiwa! Sikujua kama inauma hivi. Kuungua iliungua, nimekiri kwa maandishi, lakini haikuungua kiasi kile anachosema yeye, na barabara ile haina shimo hata moja kutoka hapa mpaka darajani. Sijui hawa wanawake walivumiliaje mambo haya mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo nabadili maombi yangu yote. Naomba sifa zirejeshwe mara moja mtaa mzima, kwa amri ya Baraza, na Mkaguzi asiteuliwe. Kuhusu utepe msihangaike, ameingia jikoni kwangu na kuuchukua mwenyewe.

Alipoingia ndipo akayaona marmelo yaliyobaki kapuni, akakunja mikono ya sweta, akasema atanionyesha mwiko unavyoshikwa. Nikamwambia jiko hili ni langu. Akasema jiko hili ni la Felismina, wewe ni mpangaji tu. Nikamwambia mpangaji ana haki zake. Tukabishana kuhusu moto, kuhusu sukari, kuhusu mwaka ule alioipika ikawa kama uji na akaisingizia mvua, mpaka tukavuka kwenda kwake kuamua nani alimwita nani nini, na tuliporudi sufuria ilikuwa imeungua. Sufuria yake, Mheshimiwa, ameipika yeye, bingwa wa kata! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia kidogo, hilo nalo niliseme, maana tangu mwezi wa tatu jiko hili halijawahi kuwa na kelele namna ile. Yeye akasema nikimaliza kulia nisugue sufuria.

Ameondoka sasa hivi. Anarudi kesho na sukari yake, na ameniamuru nisiguse kitu chochote mpaka afike.

Nitagusa kila kitu.